Fundi Aliyepimia Nchi Kavu

Alipimia kazi yake kwa kikombe kidogo cha kahawa kisicho na mkono, cha aina ile ambayo wauza kahawa wa Tabora huigonganisha mitaani ili wasikike. Akishamaliza kufunga injini ya kusagia, alikijaza maji mpaka ukingoni, akakiweka juu ya injini, akaiwasha, kisha akachuchumaa kutazama uso wa maji. Yakimwagika, kazi bado. Yasipomwagika lakini yakafanya mikunjo, kazi bado vilevile. Yakitulia kabisa, aliyanywa, akapangusa mdomo na kusema, "Sasa imenyamaza." Injini wakati huo ilikuwa ikinguruma kiasi kwamba mwenye mashine alilazimika kumwomba arudie.

Tulimwita Fundi. Tabora ilijaa mafundi, wa cherehani, wa baiskeli, wa kuezeka, na kila mmoja alitajwa pamoja na kazi yake. Huyu peke yake hakuhitaji nyongeza. Baba yake alikuwa nani, na utoto wake aliupitishia wapi, sijui. Nilipanga chumba cha uani kwake miaka saba na hakuwahi kunisimulia, nami sikuwa mtu wa kuuliza. Nilikuwa karani wa bohari ya mizigo pale stesheni, enzi za Mwingereza. Kazi yangu ilikuwa kuandika lebo na kujua kitu gani kinakwenda wapi, na nadhani mazoea hayo ya kuandika bila kuuliza yaliniharibu kidogo.

Mashine za kusaga zilikuwa zikienea wakati ule, na nyingi zilikuwa injini kuukuu zilizofungwa na watu wenye haraka. Zilitetemeka hadi kuta zikapasuka. Kulikuwa na mashine moja upande wa Isevya iliyokuwa ikitembea: asubuhi iko hapa, jioni imesogea kiganja kizima kuelekea mlangoni. Mwenyewe aliifunga kwa mnyororo. Fundi alipofika aliutazama ule mnyororo, akamwuliza mwenye mashine, "Huwa inakwenda wapi?" Yule bwana hakucheka. Fundi pia hakucheka, maana alikuwa ameuliza kwa dhati. Alitaka kujua inaelekea upande gani ili ajue mguu upi umelegea.

Mitetemo aliitafuta kwanza kwa kiganja, halafu kwa meno. Alikuwa na kijiti cha mswaki alichokichonga vizuri. Ncha moja aliigusisha kwenye chuma, nyingine akaing'ata, akafumba macho. Alisema mkono husahau lakini taya halisahau. Watu waliokuja kumtazama akiwa amefumba macho hivyo, mashine inanguruma na mate yanamtoka, walidhani ni uganga. Aliwaacha wadhani. Siamini kwamba ilimchukiza.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa mengine kabisa. Mlango wa mbele ulikuwa umelegea bawaba, na usipounyanyua kwa goti haukufungika. Meza tuliyolia chakula ilikuwa na mguu mmoja mfupi, na mama mwenye nyumba, yaani mkewe, alikuwa ameukunjia gazeti. Baiskeli yake ilisikika tangu kona ya msikiti. Mkewe alimwambia siku moja, mimi nikiwepo, "Mashine za watu zimenyamaza zote. Ya kwako ndiyo inayopiga kelele." Akajibu kwamba baiskeli si mashine. Mama mwenye nyumba akanitazama, nami nikatazama ugali.

Kanisani kwa Wamoravian aliimba sauti ya nne. Jumapili moja alianza ubeti wa tatu wakati kwaya nzima iko ubeti wa pili. Mtu mwingine angenyamaza akaungana na wenzake. Yeye aliendelea peke yake hadi mwisho, sauti nene, bila kutetereka, na nje ya kanisa akamwambia mwalimu wa kwaya kwamba siku hizi watu wanaimba taratibu mno. Tulicheka sana kwa jambo lile, lakini ndilo lililokuwa tatizo lake lote. Katika miaka saba sikumsikia akisema amekosea. Mkate ukiungua, jiko limebadilika. Akipotea njia, njia imehamishwa. Alikuwa mtu mwema. Angekupa shuka lake, lakini neno hilo hakukupa.

Sasa nieleze habari za majani.

Alikuwa na kipimo cha chuma, vipande vyembamba vilivyofungwa pamoja upande mmoja na kufunguka mfano wa pepeo la mkono. Tuliviita majani. Kila jani lilikuwa na unene wake, na lile jembamba kuliko yote lilikuwa jembamba kama unywele. Injini inaposhikana na kitu inachokizungusha, katikati huwa kuna visahani viwili vya chuma vinavyotazamana uso kwa uso. Visipotazamana sawasawa ndipo mtetemo unapozaliwa. Fundi alilipitisha jani kati ya visahani, juu, chini, kushoto, kulia, na halikupaswa kukwama zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Yale majani aliyafuta kwa mafuta kila Jumamosi. Lile jembamba lilikuwa limechomoka kwenye pini yake zamani, akawa analiweka peke yake ndani ya kitambaa.

Mwaka mmoja, baada ya mavuno, kaka yake mama mwenye nyumba alikuja kutoka Igalula kuuza asali na karanga. Alikuwa mwanamume mzima mwenye shamba lake, mpole, asiyesema mpaka asemeshwe. Alilala stoo, penye zana. Alipokuwa kwetu wiki mbili hivi, Fundi akafungua kitambaa na jani halimo.

Alitafuta asubuhi nzima. Mchana tulikuwa barazani na watu wanne au watano, wenye mashine na majirani, shemeji yake akiwa ameketi ngazini akifunga makopo yake ya asali. Fundi akatoka, mikono mitupu.

"Nani aliingia stoo?" akauliza.

Hakuna aliyejibu, kwa sababu jibu lilikuwa limekaa ngazini.

"Mtu wa shamba akiona chuma kinang'aa," Fundi akasema, "anadhani ni kitu cha kuuza."

"Mimi niliingia kuchukua mkeka," shemeji akasema.

Fundi akanigeukia. "Karani, wewe ulimwona akiingia?"

Nilimwona. Alikuwa ameingia na kutoka na mkeka kwapani. Nikasema, "Nilimwona akiingia." Ilikuwa kweli, na hakuna aliyeniuliza alitoka na nini, nami sikuongeza. Nimeyakumbuka maneno yale mawili mara nyingi kuliko ningependa.

Shemeji hakubishana. Alimalizia kufunga kopo alilokuwa nalo, akaingia kuuchukua mkeka wake, akamuaga dada yake, akaelekea stesheni kwa miguu. Mama mwenye nyumba alikaa siku nane. Alipika, alifagia, alimwandalia mumewe maji ya kuoga, akimngoja. Siku ya tisa alifunga kanga zake na kusema, "Nakwenda Igalula. Siku utakapokuwa na neno la kumwambia kaka yangu, treni unaijua." Fundi alikuwa akitengeneza pampu. Alisema, "Haya." Mimi ndiye niliyembebea mzigo.

Tangu siku hiyo alipimia karatasi ya sigara, ambayo ni nyembamba karibu sawa na lile jani. Na kila alipoitoa mbele ya watu, alihakikisha anaeleza ni kwa nini. "Nilikuwa na jani langu," alisema, "lakini mnajua." Watu walitikisa vichwa. Kazi zake zilizidi kuwa nzuri. Mlango wa mbele ulizidi kulegea.

Miaka mitatu na zaidi ikapita hivyo, ndipo likaja suala la mashua.

Kulikuwa na Mzungu mpima ardhi, mtu wa makamo, ambaye mji mzima, Waislamu kwa Wakristo, ulimwita Bwana Nuhu, kwa sababu alikuwa akijenga mashua uani kwake Tabora, mahali ambapo maji ya karibu ni ya kisima. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Alitaka yeye na mkewe wazunguke Ziwa Tanganyika kwa tanga, wakilala humohumo, kabla ya kurudi kwao. Maseremala wake wawili walikuwa wametengeneza vitanda na majeneza maisha yao yote, na lazima niseme mashua ilikuwa imara kama vyote hivyo. Kwa siku zisizo na upepo alinunua injini ndogo ya dizeli. Injini ilipaswa kuzungusha shafti ndefu inayotoboa nyuma ya mashua na kubeba pangaboi la kusukuma maji. Bwana Nuhu aliogopa mtetemo. Mkewe alikuwa na kichwa kibovu, kila mtikisiko ulimlaza. Akaambiwa, kwa mtetemo kuna mtu mmoja tu.

Fundi alifanya kazi ile kwa mwezi mzima. Alikata mipira ya tairi kuukuu la lori, akaitandika chini ya miguu ya injini. Alipitisha karatasi ya sigara kati ya visahani, juu, chini, kushoto, kulia, mara sijui ngapi. Siku ya kikombe walikuja watu wengi, na mke wa Bwana Nuhu alitoa biskuti. Injini iliwashwa, shafti ikazunguka hewani, na maji kikombeni hayakujikunja hata kidogo. Fundi akayanywa.

"Hii," akasema mbele ya wote, "hata ukiipeleka Ulaya, imenyamaza."

Bwana Nuhu akamwomba afuatane nayo hadi Kigoma.

"Ya nini, Bwana? Kazi imekwisha."

"Njoo tu, Fundi. Uione ikienda."

Akakubali kama mtu anayealikwa harusini. Mimi nilitumwa na stesheni kusindikiza mzigo, kwa kuwa ulikuwa mkubwa na hati zake nyingi. Mashua ilivutwa juu ya magogo hadi kwenye behewa la wazi, na nusu ya mji ilikuja kutazama. Mzee mmoja, mkongwe sana, alisema zamani za misafara mashua za Wazungu zilipita hapahapa zikielekea Ujiji, lakini zilipita vipande vipande, juu ya vichwa vya watu. "Na huko walikwenda kuziunga upya," akasema. "Hawakuziamini mpaka wamefika." Fundi alimsikia. Alikuwa akikagua kamba.

Alikuwa hajaona ziwa. Tulipofika Kigoma alilitazama kitambo, akaniuliza kama hapo ukingoni pana kina. Nikamwambia sijui. Hakuuliza tena, lakini tangu hapo alitembea upande wa nchi kavu, mimi upande wa maji.

Mashua ilishushwa asubuhi, ikaelea vizuri, mlingoti ukasimamishwa na nyaya zake zikakazwa. Tukaingia sisi wanne, Bwana Nuhu na mkewe, Fundi na mimi. Injini ikawashwa. Kwa mwendo wa polepole haikuwa mbaya. Bwana Nuhu alipoongeza mwendo, sakafu ikaanza kutuchezesha miguu. Sahani zikaanguka kwenye rafu. Miwani ya Bwana Nuhu ikateremka puani. Pale shafti inapotokea nje, maji yakaanza kuingia. Mke wa Bwana Nuhu alikaa chini akajishika kichwa kwa mikono miwili. Fundi alikuwa ameshaweka kikombe chake juu ya injini; kilimwaga maji yote mara moja, kisha chenyewe kikatembea hadi ukingoni, kikaanguka, kikavunjika.

Tulirudi gatini kwa tanga. Pale gatini alikuwepo mzee wa Ujiji, fundi wa vyombo vya majini, aliyeshikilia kamba yetu. Aliyaona maji sakafuni.

"Mmeipimia wapi hii?" akauliza.

"Tabora," Fundi akasema.

"Ikiwa juu ya magogo?"

"Juu ya magogo."

"Na sasa iko juu ya magogo?"

Fundi aliitazama kamba. Mzee yule hakuwa na ubaya, aliendelea kueleza huku akifunga kamba. Chombo kikiwa nchi kavu kinakaa umbo moja, kikiingia majini kinakaa jingine. Mbao zinakunywa maji na kuvimba, nyaya za mlingoti zinavuta mbavu, na ile injini mliyoinyoosha inajikuta haitazamani tena na shafti yake. "Kiacheni kikae siku tatu," akasema. "Ndipo mpime." Kosa lenyewe lilikuwa la watu wa bara hasa. Mtoto wa Ujiji asingelifanya.

Alasiri nzima Fundi alikaa juu ya kreti akiwa amelipa ziwa mgongo. Kwanza aliniambia ni pangaboi. Baadaye akasema ni behewa, reli zilitikisa. Nilimwachia. Nilikuwa nimechoka, na kusema kweli sikuona kwamba kuna jipya. Nilijua kesho angelaumu hali ya hewa.

Asubuhi alinigongea, amevaa koti. Tukaenda hadi kwa Bwana Nuhu, aliyekuwa akinywa chai nje. Fundi akasimama kama askari.

"Bwana, nimekosea," akasema. "Nilipimia nchi kavu."

Bwana Nuhu akasema, "Haidhuru, Fundi. Tutapima tena. Kuna chai."

Fundi akaendelea kusimama. Bwana Nuhu akamtazama, akasogeza kiti. Mwisho Fundi akakaa, akanywa chai, na tulipokuwa tunarudi aliniuliza, "Ndiyo hivyo tu?"

"Nini?"

"Unasema, halafu wanakupa chai?"

"Si mara zote," nikamwambia.

"Miaka yote," akasema, "nilidhani kuna kingine kinachofuata."

Tulingoja siku tatu. Siku ya tatu aliingia ndani ya mashua kwa magoti, akishika kila kilichoshikika, akalegeza nati, akatoa karatasi ya sigara. Ikalowa papo hapo na kuchanika. Akatoa nyingine. Hewa ya mle ndani ilikuwa na unyevu, chini kulikuwa na maji, na vidole vyake vilikuwa vimelowa. Alimaliza pakiti nzima. Jani la pili kwa wembamba lilikuwa nene mno, halikuweza kumwambia chochote. Nilikuwa nimemshikia taa, sikuwa na pa kwenda.

Aliifinya ile pakiti tupu. Kisha akaingiza mkono mfuko wa ndani, akatoa kibati cha tumbaku, ndani yake kitambaa, na ndani ya kitambaa kulikuwa na jani la chuma jembamba kama unywele.

Akalipitisha upande wa juu.

"Fundi, hilo ni jani gani?"

"Unalijua."

"Lilikuwa wapi?"

"Kwenye pindo la koti. Mfuko ulitoboka, likateremka."

"Uliliona lini?"

Upande wa juu lilikwama. Akalipitisha chini, likaingia pamoja na mengine matatu bila kugusa. "Mwezi wa pili baada ya shemeji kuondoka," akasema.

Nilikasirika, na mimi si mtu wa hasira. Nilimwambia nimeishi miaka mitatu nikijua kwamba maneno yangu yalimfukuza mtu, na yeye muda wote huo alikuwa na jani mfukoni. Nilimwambia mkewe analima kwa kaka yake kama mjane. Nilimwambia na mengine. Hakunijibu kwa ukali.

"Wewe ulisema kweli," akasema.

"Nilisema nusu."

"Mimi sikusema hata nusu. Inua taa."

Akafanya kazi. Alikata bati vipande vidogo akavitia kabari chini ya miguu ya mbele ya injini, akazungusha shafti kwa mkono, akapima, akaondoa kipande kimoja, akapima. Ilichukua mchana wote. Mwishowe jani liliingia pande nne kwa mkwaruzo mmoja. Injini ilipowashwa na kuongezwa mwendo, aling'ata kijiti chake na kufumba macho, na sisi tukasikia tu mngurumo na maji yakipita. Mke wa Bwana Nuhu, ambaye hakuwa amesema neno tangu siku ya kwanza, alijaza kikombe cha chai mpaka ukingoni akakiweka juu ya injini, akamwita aje aone. Fundi alisema ahsante. Hakukitazama. Alikuwa akitafuta kifungo cha mfuko wa shati afungie lile jani.

Treni ya kurudi ilifika Tabora asubuhi. Nilisimama nikakusanya vitu. Yeye alibaki ameketi, mkono juu ya mfuko.

"Shuka na sanduku langu, Karani."

"Na wewe?"

"Nakwenda mbele kidogo."

Tiketi yake ilikuwa ya kuishia Tabora. Nilikimbia hadi kwenye dirisha la tiketi nikamkatia ya Igalula, nikampitishia dirishani treni ikianza kuvuta. Katika miaka yote ya utumishi wangu nimeandika kwamba vitu maelfu viende mahali fulani, na sikumbuki kingine nilichokiombea kifike.

Hakurudi. Baada ya mwezi nilipata barua ya mistari miwili. Niendelee kukaa nyumbani kwake, na mlango wa mbele niunyanyue kwa goti.

Nilihamishwa, nikakaa stesheni nyingine, nikaoa. Nilipata nafasi ya kushuka Igalula miaka mingi baadaye, bendera ikiwa bado ya Mwingereza ingawa kila mtu alijua haikubakiza siku nyingi. Nyumba haikuwa mbali na reli. Uani kulikuwa na kibanda cha mashine ya kusaga, na mlangoni mwa nyumba alikuwa ameketi mzee akiunganisha mpini wa taa ya chemli.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekuja na spana zangu?"

Nilikuwa nimekuja nazo, ndani ya lile sanduku aliloniachia Tabora. Mama mwenye nyumba alitoka ndani, amezeeka vizuri, akanipokea mzigo, akaniambia nimenenepa. Tukaketi mezani. Meza haikuyumba, nilichungulia chini nikaona mguu mmoja umeungwa kwa ustadi. Alipokwenda Fundi kuleta kuni, mama mwenye nyumba alinieleza kwa sauti ndogo. Siku ile Fundi alipofika, yeye alimwambia hamkatai, lakini kaka yake aliitwa mwizi mbele za watu, basi na maneno hayo yarudishwe mbele za watu. Fundi alikaa Igalula wiki mbili akilala kwa mkuu wa stesheni. Jumapili ya pili, watu wakitoka kanisani, alisimama kwenye ngazi akasema yote: pindo la koti, mwezi wa pili, miaka mitatu. Akatoa jani akampa shemeji yake mkononi.

"Naye akasemaje?"

"Akasema, 'Nimesikia.' Akalichukua, akaenda zake." Alipangusa meza mahali palipokuwa safi. "Wanasalimiana. Wanakula pamoja sikukuu. Lakini kaka hajamwita kwa jambo lolote."

Wakati huo mashine ikawashwa kule kibandani, na mtu aliyeishi na Fundi miaka saba hakuhitaji kijiti cha kung'ata. Ilikuwa inatetemeka vibaya. Vikombe viligongana mezani. Fundi alirudi na kuni, akaziweka chini, akaketi.

"Fundi," nikasema, "hiyo mashine."

"Naisikia."

"Ni ya nani?"

"Ya shemeji. Aliinunua kwa fedha ya asali."

"Sasa mbona huendi?"

"Hajaniita."

"Tangu lini iko hivi?"

"Mavuno ya tatu haya."

Alisema hayo kwa utulivu, akikitazama kikombe chake ambacho chai ilikuwa inajikunja juu kwa mikunjo midogo midogo. Nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu. Nilijua kila mkunjo ulikuwa ukimwuma kwenye taya, na kwamba angeweza kuvuka uwanja ule hatua ishirini na kumaliza jambo kwa alasiri moja. Mavuno matatu alikuwa ameketi pale.

Mashine ikazimwa. Tukazungumza habari za watu wa Tabora, nani amekufa, nani amejenga. Kisha mlangoni pakawa na mtu. Shemeji alikuwa na mvi sasa, unga kwenye nyusi. Alinisalimu, nikamsalimu, na nilikuwa na maneno yangu mwenyewe ya kumwambia, yale mawili na yale niliyoyabakiza. Niliyasema baadaye jioni ile. Lakini hakuja kwa ajili yangu. Mkononi alishika lile jani la chuma, na lilikuwa linang'aa kwa mafuta, halina doa la kutu. Miaka yote hiyo kuna mtu alikuwa akilifuta.

"Shemeji," akasema. "Hili linaanza kupita upande gani?"

Mama mwenye nyumba aliacha kumimina.

Fundi alisimama. Ilimchukua muda, kwa sababu ya magoti. "Sijui," akasema. "Twende kwanza tukaone ilivyokaa."

Wakavuka uwanja pamoja, shemeji akitangulia kidogo. Mama mwenye nyumba akachukua kikombe cha mumewe, akakifunika kwa kisahani ili chai isipoe.